Neno na Kipimo: Tahakiki ya Dhana ya Mafanikio katika Upandikizaji wa Figo na Ini, kwa Mfano wa Mgonjwa wa Kiseke, Mwanza

1.0 Utangulizi

Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania kwa ushirikiano na madaktari kutoka India. Mwaka 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, iliifuata kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Kabla ya hapo, mgonjwa aliyehitaji huduma hiyo hakuwa na njia ila kusafiri nje ya nchi, hasa India. Hatua hizo zilipokelewa kwa neno moja: mafanikio.

Tahakiki hii inalichunguza neno hilo. Hoja yake kuu ni kwamba mafanikio yamezoeleka kuhesabiwa siku ya upasuaji, ilhali mgonjwa na ndugu aliyemtolea figo huyahesabu kwa miaka. Aidha, inahojiwa hapa kwamba kipimo kinachotumika kuamua nani apewe na nani atoe kiliundwa bila kuzingatia miili ya watu wa Afrika Mashariki. Mfano unaorejelewa ni mkazi wa Kiseke, kata iliyomo katika Manispaa ya Ilemela, mkoani Mwanza. Mkazi huyo ni wa kufikirika, lakini hali anayowakilisha si ya kubuni.

2.0 Msamiati wa mafanikio

Lugha ya kila siku imeipa tiba ya figo maneno matatu yanayostahili kupimwa. La kwanza ni "kusafisha figo". Mashine haisafishi figo. Husafisha damu, kwa kuwa figo zimeshindwa kuifanya kazi hiyo. Anayesikia kwamba figo inasafishwa hutarajia kwamba siku moja itatakata, naye ataachana na mashine. Kwa mwenye ugonjwa sugu uliofikia hatua ya mwisho, matarajio hayo hayana msingi. Ratiba ya kawaida ni mara tatu kwa wiki, takribani saa nne kila mara. Kwa mwaka ni vipindi 156, na kila kipindi humtaka mkazi wa Kiseke apande daladala, avuke mji hadi hospitali, kisha arudi nyumbani akiwa amechoka.

Neno la pili ni "kuchangia". Katika jamii ya Watanzania, kuchangia ni tendo la wengi: kila mmoja hutoa kidogo, na kesho mfuko wake hujaa tena. Ndivyo ilivyo kwa mchango wa harusi, na ndivyo ilivyo kwa damu, ambayo mwili huitengeneza upya. Figo iliyotolewa hairudi. Ndugu anayeambiwa "changia" huitwa kwa neno la harambee kwenye jambo ambalo atalibeba peke yake. Mbele ya wazee wa ukoo, neno hilo huweza kuufanya uamuzi wa hiari uonekane kuwa deni, na anayesita aonekane mchoyo.

La tatu, "kupandikiza", limetoka shambani. Mkulima anayehamisha mche kutoka kitaluni anajua kwamba kazi haijaisha siku ya kuuchomeka ardhini. Kuna kumwagilia, kupalilia na kusubiri. Katika maneno yote matatu, hili ndilo linalosema ukweli zaidi, ingawa taarifa za mafanikio huishia pale mche unapochomekwa.

Ushahidi wa kitabibu unaunga mkono busara hiyo ya shambani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulionesha kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya upasuaji, hatari ya kifo kwa waliopandikizwa figo za watu waliofariki ilikuwa mara 2.8 ya wale waliobaki kwenye mashine wakisubiri zamu. Hata hivyo, kadiri miezi ilivyosonga hatari hiyo ilishuka, na kwa muda mrefu waliopandikizwa waliishi zaidi. Hivyo basi, siku ya upasuaji ndiyo siku isiyofaa kabisa kutolea hukumu, iwe ya sifa au ya lawama.

3.0 Kipimo na mwili

Utendaji wa figo hukadiriwa kwa kreatinini, taka itokayo kwenye misuli na kuchujwa na figo. Kiasi chake katika damu huingizwa kwenye kanuni ya hesabu, kikatoka kiwango cha uchujaji kwa dakika. Udhaifu uko wazi: mwenye misuli michache huwa na kreatinini kidogo hata kama figo zake zimechoka. Mtu aliyekondeshwa na maradhi au lishe duni huweza kuonekana mzima kwenye karatasi.

Udhaifu huo uliongezewa kosa jingine. Kanuni zilizotungwa Marekani mwaka 1999 na 2009 ziliongeza kiwango cha mtu mweusi kwa kukizidisha, ile ya 2009 kwa 1.159. Iliondolewa katika kanuni mpya mwaka 2021. Athari yake hudhihirika kwa hesabu fupi. Kwa kawaida mgonjwa wa Marekani huanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo kiwango chake kinaposhuka hadi 20. Mwenye 18, akizidishiwa, husomeka karibu 21, na foleni humkataa. Mwaka 2023, hospitali za nchi hiyo zilianza kutakiwa kuwarudishia wagonjwa weusi muda waliopoteza kwa namna hiyo.

Mjadala huo umemtazama zaidi mpokeaji. Kwa Kiseke, mtoaji anastahili kutazamwa vilevile, kwa sababu huko figo hutarajiwa kutoka kwa ndugu aliye hai. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unachukulia kiwango cha 90 na zaidi kuwa kinatosha kwa mtu kutoa figo. Kati ya 60 na 89 uamuzi hufanywa kwa kumpima kila mtu kwa hali yake. Ndugu mwenye 80, akizidishiwa, husomeka karibu 93. Kwa kosa lilelile, mgonjwa hucheleweshwa na mtoaji huharakishwa.

Uchunguzi uliofanywa Malawi, Afrika Kusini na Uganda na kuchapishwa mwaka 2022 ulibaini kwamba makadirio ya kreatinini yaliupa utendaji wa figo sura nzuri kuliko hali halisi, na kwamba marekebisho ya rangi yalizidisha tatizo. Kipimo cha sistatini, ambacho hakitegemei sana misuli, kilikaribia ukweli zaidi. Kwa hiyo, kufuta kizidisho ni hatua ya lazima lakini haitoshelezi. Mtoaji anastahili kupimwa uchujaji wenyewe, si kukadiriwa tu.

4.0 Funzo la ini

Upandikizaji wa ini unaliweka suala hili katika mwanga mkali zaidi. Tangu mwaka 2002, Marekani imepanga foleni ya ini kwa alama ambazo kreatinini ni mojawapo ya nguzo zake. Kwa kuwa wanawake kwa kawaida wana misuli michache, alama zao zilikuwa chini ya ukali wa ugonjwa wao. Marekebisho ya mwaka 2023 yalilazimika kuwaongezea. Aidha, dawa zinazozuia mwili kukikataa kiungo kipya, kama vile saiklosporini na takrolimasi, huweza kuidhuru figo. Utafiti wa mwaka 2003 uliohusisha wagonjwa 69,321 waliopandikizwa viungo visivyo figo ulikadiria kwamba kwa waliopata ini, takribani 18 katika kila 100 walikabiliwa na kushindwa kwa figo ndani ya miaka mitano. Kiungo kimoja kilipona, kingine kikalipa gharama.

5.0 Hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba huduma changa haipaswi kubebeshwa masharti mazito, na kwamba kila figo iliyopandikizwa nchini imemwokoa mtu na safari ya mbali. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, huduma changa ndiyo iliyo rahisi kuzoeshwa hesabu kamili. Taarifa ya mafanikio ingepaswa kueleza mambo manne: figo mpya inachuja kiasi gani baada ya mwaka mmoja na baada ya mitano, mtoaji amepimwa shinikizo la damu, mkojo na uchujaji kila mwaka au la, dawa zimepatikana bila kukatika au la, na mgonjwa anaishi umbali gani kutoka kliniki yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 itapimwa, pamoja na mengine, kwa jambo la tatu. Mkazi wa Kiseke aliyerudi nyumbani na figo ya dada yake ana maswali manne yaleyale, na dada yake ana haki ya kuyauliza kabla ya kutia saini.