Pumzi Katika Mlango wa Kinasi

Samaki wa kundi hawadanganyiki. Mzamiaji akiingia kwa pupa, akipiga mapezi huku na huku na kumwaga mapovu, wanafunguka na kumwachia uwazi mkubwa. Akiingia aliyetulia, uwazi unapungua, mpaka samaki aina ya mbono wanapita karibu na miwani yake, mistari ya dhahabu ubavuni ikionekana mmoja mmoja. Mimi huupima ufundi wa mzamiaji kwa upana wa uwazi huo, na sijaona kipimo cha haki zaidi.

Kinasi, kisiwani Mafia, ndiko maji ya bahari kuu yanakopita kuingia ghuba ya Chole. Bahari ikianza kujaa, mkondo huleta maji maangavu pamoja na vijidudu vinavyoelea, chakula cha mbono. Basi hujipanga kwa mamia, vichwa vyote vikiukabili mkondo, wakidonoa. Chini yao chewa ametulia mwambani; pembeni kolekole wanazunguka, wakimvizia atakayejitenga. Kolekole akichupa, kundi zima hugeuka kwa mara moja, buluu ikawa fedha, kisha buluu tena, na hakuna aliyemgonga mwenziwe. Si kazi ya macho tu. Mwaka 1976 watafiti walieleza jinsi samaki waliofunikwa macho walivyoweza bado kuogelea na kundi, kwa kuhisi msukosuko wa maji kupitia mstari wa fahamu ulio ubavuni. Ndiyo maana teke moja la ovyo linawafikia hata wasiokuona.

Ufundi wenyewe umo katika pumzi. Tangu mzamiaji Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipotengeneza, mwaka 1943, kifaa kinachotoa hewa pale tu unapoivuta, imekuwa rahisi zaidi kwa binadamu kukaa chini bila bomba la kumuunganisha na chombo. Lakini kifaa hakikufundishi kutulia. Katika mita 20 kanieneo ni mara tatu ya ile ya juu, na kila pumzi inakula hewa ya mtungi mara tatu. Ukivuta, mapafu yanatanuka na mwili unapanda, ila kwa kuchelewa kidogo; ukitoa, unashuka. Stadi anakujua kuchelewa huko. Huvuta kabla hajazama, hutoa kabla hajapaa, wala haizuii pumzi hata mara moja, maana hewa iliyozuiliwa wakati wa kupanda inaweza kupasua mapafu. Mikono ameikunja kifuani. Ukimtazama utadhani hafanyi kitu.

Mbono naye ana kibofu cha hewa tumboni kinachomsaidia kuelea, na ndicho baruti ya uvuvi haramu inachokipasua. Mlipuko mmoja unaua kundi zima, wengi wakazama chini bila kuokotwa, na matumbawe yakabaki kifusi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995, na kwangu mimi kila kundi linalogeuka pale Kinasi ni hoja ya kuilinda kwa dhati.

Kupanda nako kuna adabu yake. Naitrojeni iliyoingia mwilini lazima itoke taratibu, kwa hiyo katika mita tano tunasimama dakika tatu, mkondo ukiendelea kutuchukua. Hapo juu yupo mtu ambaye sifa hizi humpita bure: nahodha. Hakutia nanga. Amekuwa akifuata mapovu yetu juu ya maji yenye mawimbi, injini ikinguruma polepole, akijua mkondo wa bamvua utatutema wapi na ule wa maji mafu wapi. Vichwa vikichomoza, anavihesabu kwanza ndipo anasogeza chombo. Tukiwa bado tunavua mitungi, yeye keshapanga ya kesho: maji yatachelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo tunywe chai kwanza.