Machweo au Usiku wa Manane? Ngano za Beedle na Hadhira Iliyozingoja

Katika sura ya 21 ya riwaya ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho katika mfululizo wa Harry Potter wa mwandishi Mwingereza J.K. Rowling, msichana Hermione Granger anawasomea wenzake ngano kutoka katika kitabu kikuukuu. Asoma kwamba palikuwa na ndugu watatu waliokuwa wakisafiri katika njia ya upweke wakati wa machweo. Papo hapo Ron Weasley anamkatiza: mama yao, asema, alikuwa akiwasimulia kuwa ni usiku wa manane. Hermione anamtupia jicho la kuudhika. Ron anajitetea kuwa usiku wa manane unatisha zaidi, kisha ananyamaza, na usomaji unaendelea kwa machweo yale yale yaliyoandikwa.

Makala haya yanashikilia kuwa katizo hilo dogo, ambalo wasomaji wengi hulipita kwa kicheko, ndilo ufunguo wa kulielewa jambo lililotokea baadaye nje ya riwaya, yaani shauku ya mashabiki kukingoja kitabu cha ngano ambacho hadi wakati huo hakikuwapo duniani. Twakusudia kuuliza wasomaji hao walikuwa wakingoja nini hasa, na kama walikipata. Huenda mwenzetu akauliza idara ya lugha za Kiafrika ina haja gani na wachawi wa kubuni wa Uingereza. Jibu letu ni kwamba kitabu hicho kinaigiza waziwazi mambo ambayo sisi twayafundisha kila mwaka: msimulizi, hadhira, mkusanyaji, mfasiri na mfafanuzi wa ngano. Mwigo mzuri humfunza mtu mengi juu ya kitu kinachoigwa.

Yafaa kwanza tueleze habari yenyewe. Riwaya ya saba ilitolewa tarehe 21 Julai 2007. Humo mwalimu mkuu Albus Dumbledore, ambaye amekwisha kufa, anamwachia Hermione katika wasia wake nakala ya kitabu kiitwacho The Tales of Beedle the Bard, ambacho hapa tutakiita Ngano za Beedle. Hermione, msomi kuliko wenzake wote, hajapata kuzisikia ngano hizo. Ron anashangaa, kwa sababu yeye amekua nazo, naye anazitaja kwa majina kama mtu atajaye majirani: chemchemi ya bahati njema, mchawi na chungu kirukacho, na Babbitty mwenye gogo lichekalo. Hermione anamkumbusha kwamba yeye na Harry walilelewa na watu wasio na uchawi, na kwamba utotoni wao walisimuliwa habari za Cinderella. Ron anauliza kama huo ni ugonjwa.

Basi msomaji alipolifunga jalada la riwaya hiyo alikuwa na ngano moja kamili, ile ya ndugu watatu, pamoja na majina matatu matupu. Ngano ya tano, ya mchawi mwenye moyo uliootа nywele, haikuwa imetajwa kabisa. Njaa ilianzia hapo. Mwishoni mwa mwaka huo Rowling aliandika nakala saba kwa mkono wake mwenyewe, akazitia michoro, zikajalidiwa kwa ngozi na kupambwa kwa fedha na vito. Sita alizitoa zawadi kwa watu waliokuwa karibu na kazi yake. Ya saba ilinadiwa na Sotheby's mjini London tarehe 13 Desemba 2007, ikanunuliwa na kampuni ya Amazon kwa pauni 1,950,000, fedha zilizokwenda kusaidia watoto wenye dhiki. Kampuni hiyo ikatoa picha za kitabu na muhtasari wa kila ngano. Toleo la watu wote lilitoka tarehe 4 Desemba 2008, nalo pia kwa ajili ya hisani.

Hatuna ugomvi na hisani hiyo. Lakini mhakiki hana budi kuitazama hali iliyotokea kwa takriban mwaka mzima kati ya mnada na uchapishaji. Ndani ya riwaya, ngano za Beedle ni mali ya kila mama. Nje ya riwaya, zilikuwa mali ya watu sita na kampuni moja. Mashabiki walijua visa vyake kutoka kwa waliokwisha kuzisoma, lakini kujua kisa hakukuwatosha. Kwa nini? Katika jamii ya masimulizi, mtu akishapata kisa amekwisha kupata ngano, kwa maana yeye mwenyewe anaweza jioni hiyo hiyo kuita "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", kisha akakijaza kisa kwa maneno yake, nyimbo zake na uso wake. Kisa cha Sungura na Fisi hakimngoji mtu akitolee ruhusa. Mashabiki wale walikipata kisa, wala hawakudhani kuwa wamepata ngano, kwa sababu waliamini kuwa ngano imo katika maneno ya mtu mmoja aliye hai, ambaye hajayatoa bado.

Hapo ndipo tunapoona kuwa mfululizo huu umepindua utaratibu tuliouzoea. Kwa kawaida ngano hutangulia na kazi ya mwandishi hufuata. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert imehusishwa na wahakiki na masimulizi ya Alfu Lela Ulela; hadithi ilikuwapo, mwandishi akaichukua na kuipa sura yake. Katika kazi ya Rowling, riwaya ndiyo iliyozaa ngano, kisha ikadai kuwa ngano ndiyo mama yake. Hakuwa wa kwanza. Mnamo 1962 J.R.R. Tolkien alitoa mkusanyo wa mashairi uitwao The Adventures of Tom Bombadil, akajifanya mhariri tu wa mashairi yaliyotungwa na watu wadogo wa riwaya zake. Waandishi hawa wawili walitambua jambo moja: ulimwengu wa kubuni hauaminiki kikamilifu mpaka watu wake wawe na hadithi ambazo wao wenyewe wanajua kuwa ni za kubuni.

Sasa tukiangalie kitabu chenyewe. Ngano ni tano, na baada ya kila moja yaja maelezo marefu ya Dumbledore. Jalada latuambia kuwa Hermione ndiye aliyefasiri kutoka maandishi ya kale. Iliyo bora, kwa maoni yetu, ni ile tuliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ndugu watatu wanajenga daraja kwa uchawi juu ya mto unaoua, na Mauti, aliyekoseshwa chakula chake, anajifanya kuwapongeza na kumpa kila mmoja tuzo. Mkubwa ataka fimbo isiyoshindika. Anajisifu nayo katika nyumba ya wageni, usiku ule ule anachinjwa. Wa pili ataka uwezo wa kuwarudisha wafu. Anamrudisha msichana aliyetaka kumwoa, naye yu baridi na mwenye huzuni, na mwisho mume mtarajiwa anajiua ili amfuate. Mdogo ataka tu aweze kwenda zake bila ya kufuatwa na Mauti, akapewa vazi la kumficha. Anaishi hata uzee, anamrithisha mwanawe vazi hilo, kisha anaondoka na Mauti kama mtu na rafiki yake. Yeyote aliyelelewa na ngano ataijua fani hii mara moja: utatu, takriri, mdogo mwenye busara kuliko wakubwa wake, na adili lisilohitaji kutamkwa. Undugu wake na hadithi ya Chaucer wa karne ya 14, ya wanaume watatu waliotoka kumsaka Mauti, ni dhahiri.

Ngano ya chungu kirukacho nayo yafaa kutazamwa. Mzee mwema aliyekuwa akiwasaidia majirani kwa dawa za chungu chake anafariki, na mwanawe anawafungia mlango. Chungu kinaota mguu, kinamfuata kijana kila aendako kikilia kwa shida za wale aliowafukuza, mpaka anapokubali kuwasaidia. Katika maelezo yake Dumbledore anasema kuwa palikuwa na toleo jingine lililotungwa na waliowachukia wasio na uchawi, ambamo chungu kinawameza majirani. Asema tena juu ya bibi mmoja aliyeziandika upya ngano hizi kwa utamu wa kupita kiasi ili zisiwaudhi watoto, na juu ya mzazi aliyetaka ngano ya chemchemi iondolewe maktabani kwa sababu ndani yake mchawi anaoana na mtu asiye na uchawi.

Mambo hayo si mzaha mtupu. Ndugu Grimm wa Ujerumani, walioanza kutoa mkusanyo wao mwaka 1812, waliendelea kuzirekebisha ngano zao hadi toleo la 1857, na katika kisa cha Hansel na Gretel mama mzazi aliyewatupa wanawe msituni aligeuzwa mama wa kambo, ili heshima ya mama isivunjwe. Rowling ameyajua mapito hayo na ameyaigiza kwa ustadi. Anaonyesha kuwa ngano haina usafi wa asili. Kila kizazi huipindisha ielekee hofu zake.

Lakini hapa ndipo tunapomlaumu. Sehemu kubwa ya matoleo hayo inasimuliwa kwa muhtasari wa mwalimu. Hatupewi chungu kimezacho watu kikizungumza kwa lugha yake. Twaambiwa tu kuwa kilikuwapo, na kwamba kilikuwa kibaya. Dumbledore ndiye ajuaye toleo lililo sahihi, na maelezo yake yanakaa baada ya kila ngano kama mlinzi mlangoni. Lililo zito zaidi ni kwamba ngano ya ndugu watatu imechapishwa na machweo yake, na usiku wa manane wa mama yake Ron haumo katika matini hiyo. Sauti iliyokuwa imethibitisha kuwa ngano hizi husimuliwa, si kusomwa tu, imeachwa nyuma katika riwaya.

Hata hivyo lawama hii yatufikisha kwenye jibu la swali letu la kwanza. Mashabiki walikuwa wakingoja nini? Wangalitaka visa tu, muhtasari ungaliwatosha. Wangalitaka maneno ya Rowling tu, wangaliridhika na riwaya saba walizokuwa nazo. Twaona kuwa walitaka utoto wa Ron. Walitaka kuwa miongoni mwa wale ambao hawakumbuki ni lini walizisikia ngano hizi kwa mara ya kwanza. Jambo hilo halinunuliki, si kwa pauni milioni mbili wala kwa bei ya toleo la watu wote. Kila msomaji alikipokea kitabu kama alivyokipokea Hermione: kwa urithi wa maandishi, kutoka kwa mwalimu, akiwa amekwisha kukua. Naye Hermione ndiye aliyeweza kugundua katika ukurasa alama ambayo Ron, pamoja na mama yake, hakuijua. Kwa hiyo hatusemi kuwa kusoma ni upungufu mtupu. Twasema kuwa ni elimu ya namna nyingine, na kwamba mwenye nayo hapaswi kumnyamazisha mwenzake kwa kumtupia jicho.

Nasi, je? Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili, na jina la kitabu chake lilitamka kuwa zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Tunamshukuru, maana alihifadhi mengi. Lakini tangu hapo wengi wetu twazijua hadithi hizo kama alivyozipiga chapa, na wanafunzi wanaokuja kwetu leo, hasa waliokulia mijini, wamekutana na ngano katika vitabu vya shule, zikiwa na orodha ya sifa zake na maswali ya mtihani mwishoni. Wao ni kina Hermione, nao husoma vizuri. Lakini mara moja moja, katikati ya somo, mmoja huinua mkono na kusema kuwa nyanya yake hakusimulia hivyo. Mwandishi wa makala haya anakiri kuwa amepata kumjibu mwanafunzi wa namna hiyo kwa kumwonyesha ukurasa.

Jibu hilo lilikuwa kosa. Mwanafunzi yule alikuwa ameleta darasani kitu ambacho kitabu hakina, nacho kilistahili kuandikwa ubaoni kando ya matini, pamoja na jina la nyanya na mahali aliposimulia, kisha darasa liulizwe tofauti hiyo inatenda nini. Kwa nini usiku wa manane? Ron alikuwa na sababu: unatisha zaidi. Hiyo ni tahakiki kamili, tena imetolewa na mtu asiyejua kuwa anahakiki. Hadhira iliyokingoja kitabu cha Beedle kwa hamu kubwa ilikuwa inatamani kupata mama wa kuikosoa matini. Wanafunzi wetu wengi wangali nao, au wana nyanya zao, na simu ziwezazo kunasa sauti ziko mifukoni mwao. Atakayengoja mpaka sauti hizo zijalidiwe kwa ngozi atakuta machweo peke yake.