Nakala na Akiba: Uhakiki wa Taarifa ya GitLab Juu ya Kupotea kwa Data, 2017

Tarehe 10 Februari, 2017, kampuni ya GitLab ilitoa taarifa ya kueleza jinsi data za watumiaji wake zilivyopotea usiku wa tarehe 31 Januari mwaka huo. Taarifa hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, nayo ni ya mafundi zaidi kuliko ya wanafasihi. Hata hivyo yastahili kuhakikiwa katika kurasa hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano mzuri wa aina ya uandishi ambayo Kiswahili chaihitaji, yaani maelezo ya ajali ya kiufundi yaandikwayo na wale wale waliohusika. Pili, shina la ajali yenyewe ni kuchanganya mambo mawili ambayo lugha yetu hata leo huyaita kwa jina moja.

GitLab huwatunzia watunga programu kazi zao. Habari za miradi, maoni, na majina ya watumiaji zilikuwa katika PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Huria maana yake kila mtu aweza kuisoma, kuibadilisha na kuitumia bila ada. Lakini ulinzi wake ni juu ya huyo aitumiaye. GitLab ilikuwa na seva mbili za hifadhidata. Ya kwanza ilipokea kila badiliko. Ya pili ilifuata, ili ishike nafasi ya mwenzake akiharibika. Jioni ile mzigo ulizidi, kwa sehemu kwa sababu ya watu waliokuwa wakijaza takataka, hata seva ya pili ikaachwa nyuma kabisa, na kumbukumbu za mabadiliko ilizozihitaji zikawa zimekwisha kuondolewa katika ya kwanza. Ikabidi ijazwe upya. Programu ya kunakili ikakaa kimya, pasipo kusema kwamba yangoja tu. Fundi akadhani kwamba mabaki yaliyomo katika seva ya pili ndiyo yanayoizuia, akaamuru yafutwe. Kumbe amri ile aliitoa katika seva ya kwanza. Aliisimamisha mara alipotambua, lakini katika GB 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5 tu.

Mpaka hapo kisa ni cha kawaida, kwa maana mkono wa binadamu huteleza. Uzito wa taarifa umo katika sehemu ifuatayo, inayoeleza walichokikuta walipokimbilia akiba zao. Nakala za kila siku, zilizodhaniwa kuwa zimewekwa mahali pengine, hazikuwapo: ghala lilikuwa tupu. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2, na hifadhidata ilikuwa ya toleo 9.6, nayo programu hiyo, kwa kanuni yake, hukataa kunakili hifadhidata iliyo mpya kuliko yenyewe. Ilikataa, na ikatuma barua-pepe za kuonya. Lakini barua zenyewe hazikuwa na uthibitisho uliotakiwa, na seva ya kupokea ikazirudisha. Picha za diski zilizotolewa na Azure zilikuwa zikichukuliwa kwa seva za mafaili, lakini si kwa seva za hifadhidata, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba njia nyingine zatosha. Hivyo kila kinga iliitegemea jirani yake.

Iliyowaokoa ni picha ya diski ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, ili aijaribie kazi nyingine ya kugawanya mzigo wa hifadhidata. Kuirudisha kulichukua muda wa saa 18 hivi, kwa sababu diski za mahali ilipokuwa zilikuwa nzito. Miradi na maoni yapatayo 5,000 kila kimoja, pamoja na watumiaji 700 hivi, walioingia katika muda uliokosekana, walipotea. Kazi zenyewe za watunga programu zilisalimika, maana hazikuwekwa katika hifadhidata hiyo.

Kama uandishi, taarifa hii ina sifa tatu. Mambo yamepangwa kwa saa, na msomaji asiye fundi aweza kuyafuata. Kila jibu lafuatwa na swali jingine la “kwa nini”, na aghalabu jibu la pili lawaaibisha wenyewe zaidi kuliko la kwanza. Tena jina la fundi halikutajwa. Msomaji hapati mtu wa kumlaumu, naye alazimika kuuangalia mfumo. Ni nadra kampuni kujieleza hivi mbele ya watu wanaoilipa.

Kasoro yake imo katika sarufi. Tendo la mkono lina mtendaji: fundi alifanya hili, kisha lile. Lakini uzembe uliotangulia hauna mtendaji. Taarifa yauliza kwa nini akiba hazikujaribiwa, na jibu ni kwamba jambo hilo halikuwa na mwenyewe. Basi swali likaishia hapo. Hapo ndipo lilipopaswa kuanza. Jambo halikosi mwenyewe lenyewe tu. Wapo wanaopanga kazi za watu na kuacha kazi moja bila mtu. Mwandishi wa Kiswahili angebanwa na lugha yake. Angepaswa kuchagua kati ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka: data zilifutwa, au zilifutika? Akiba ziliachwa bila kujaribiwa, au zilikosekana tu? Kauli ya kwanza humwachia msomaji nafasi ya kuuliza “na nani?”, ya pili huifunga nafasi hiyo.

Kasoro ya pili ni ya mpango. Mwishoni mna orodha ya marekebisho. Humo kumteua mtu wa kusimamia usalama wa data, na kujaribu akiba kwa kuzirudisha mara kwa mara, vimepangwa pamoja na kubadilisha alama ya kwenye skrini imwonyeshayo fundi yumo katika seva gani. Alama hiyo yafaa, lakini si ya cheo kimoja na mambo yale mawili. Asomaye haraka atadhani kwamba ajali ilitokana na seva mbili zinazofanana sura, kumbe ilitokana na watu kuamini kwamba wana akiba.

Jambo hili lisiwe geni kwa wasomaji wa jarida hili. Mhariri wa tendi za kale ajua kwamba miswada kumi iliyonakiliwa kutoka mswada mmoja ni shahidi mmoja tu: mwandishi wa kwanza akiruka ubeti, wote kumi watauruka. Seva ifuatayo nyingine ni mnakili mwaminifu wa namna hiyo. Ubeti ukifutwa kule, nayo yaufuta. Hukinga dhidi ya kufa kwa mashine, wala haikingi dhidi ya amri mbaya. Kinyume chake, akiba ni mswada uliotengwa usiguswe na mabadiliko ya baadaye.

Hapa lawama yatugusa na sisi. Istilahi iliyoenea katika Kiswahili kwa akiba ya kompyuta ni “nakala rudufu”. Rudufu ni kitu kilichofanywa mara mbili. Basi istilahi hiyo yaeleza kwa usahihi seva ya pili, yaani kile kile ambacho si akiba. Msimamizi wa hifadhidata akiulizwa kama anayo nakala rudufu, akatazama seva ya pili na kujibu kwamba anayo, hakusema uongo; istilahi imemponza. Napendekeza “nakala fuasi” kwa ile ifuatayo mabadiliko, na “nakala ya akiba” kwa ile iliyotengwa. Atakayesema kwamba watu wamekwisha zoea rudufu asema kweli, lakini mazoea hayo yaweza kugharimu maktaba nzima.

Hata hivyo neno akiba lahitaji tahadhari. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza, tena huoza kimya: toleo la programu hubadilika, onyo halifiki, na ghala hubaki tupu mlango ukiwa umefungwa vizuri. Akiba isiyorudishwa kwa majaribio bado ni tumaini tu. Taarifa ya GitLab inayo kweli hiyo yote ndani yake, ijapokuwa imeitawanya. Na vyuo vyetu vinavyoweka kamusi na miswada katika hifadhidata huria vingefanya vema kuisoma kabla ya usiku wao kufika.