Leza Mbili Ndani ya Kisanduku Kimoja

Mama mmoja alileta DVD tatu za harusi ya binti yake kwenye steshenari ya mdogo wangu hapa Tanga, akitaka zihamishiwe kwenye flashi. Kompyuta iliizungusha ya kwanza, ikanguruma, kisha ikadai hakuna diski ndani. CD ya kaswida iliyokuwa mezani ilisomeka bila shida. Mdogo wangu akanipigia simu: "Kaka, kile cha kusomea diski kimekufa, nitafutie kingine."

Kilikuwa kimekufa nusu. Kiendeshi cha DVD hubeba leza mbili. CD husomwa kwa mwanga wa nanomita 780, ambao macho yetu hayauoni vizuri, na DVD husomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650. Lenzi inaweza kuwa moja, lakini vyanzo vya mwanga ni viwili, na kimoja huweza kuchoka mwenzake akabaki mzima. Fundi asiyelijua hili huweka CD, akaona inasoma, akamwambia mteja kwamba diski zake ndizo mbovu. Kuna familia zimetupa kumbukumbu nzima kwa hukumu ya namna hiyo, na jambo hilo linaniuma.

Hata hivyo sikutaka kuilaumu leza haraka. Mistari ya data kwenye DVD imesongamana, mikromita 0.74 kutoka mmoja hadi mwingine, wakati ya CD imeachana kwa mikromita 1.6. Vumbi ambalo CD inalivumilia laweza kuifunga DVD kabisa. Kwanza tulizipeleka diski kwenye deki ya jirani, zikacheza zote tatu, kwa hiyo zikaondolewa shaka. Kisha nikaifuta lenzi taratibu kwa pamba ya masikio yenye spiriti kidogo. Hali ikabaki ileile. Hapo nikakubali kwamba kiendeshi kinabadilishwa.

Cha zamani kilikuwa cha IDE, chenye ule waya mpana bapa kama utepe na plagi ya umeme ya pini nne. Sokoni viendeshi vya IDE bado vinapatikana, lakini ni vilivyotumika, na vina umri uleule wa kile kilichokufa. Nilifungua ubavu wa kompyuta nikahesabu soketi za SATA kwenye ubao mama: nne, na hadi disiki ilikuwa imeshika moja tu. Basi tukanunua DVD raita mpya ya SATA. Muuzaji alitaka tuchukue na kebo ya bei kubwa, eti ya kasi zaidi. Haikuhitajika. SATA ya kwanza kabisa hupitisha takriban megabaiti 150 kwa sekunde, na DVD ikizunguka kwa kasi ya 16x haifiki hata 25.

Tatizo la kweli lilikuwa umeme. Pawa saplai ile ilikuwa na plagi moja tu ya SATA, na hadi disiki ndiyo iliyoitumia. Tulihitaji adapta ya kutoka plagi ya pini nne kwenda SATA, na hapa ningeomba msomaji awe mkali dukani. Zipo adapta ambazo kichwa chake kimemiminwa plastiki moja kwa moja juu ya nyaya. Ndani yake nyaya huweza kusogea na kugusana, na zimewahi kuwaka moto. Chagua ile ambayo kila waya umebanwa kwenye pini yake na unaona unapoingilia. Adapta hizi hazina waya wa volti 3.3, lakini kiendeshi cha DVD cha mezani hutumia volti 5 na 12 tu, kwa hiyo hakipungukiwi kitu.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya bisibisi moja. Tulichomoa waya wa ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, tukagusa chuma cha kasha kutoa umeme tuli mwilini. Uso wa plastiki wa mbele ulitolewa kwanza, maana kiendeshi huingilia mbele, si ndani. Skrubu ndipo wengi huharibu: za kiendeshi cha DVD ni M3, nyembamba zenye meno ya karibukaribu, na za hadi disiki ni nene kidogo. Ukiona skrubu inagoma, usiilazimishe. Umeshika isiyo yake.

Tukawasha. Kompyuta haikukiona. Mdogo wangu akataka kukirudisha dukani, nami nikamwomba subira, nikaingia BIOS. Soketi tuliyoichomeka ilikuwa imezimwa humo kwa sababu haikuwahi kutumika. Nikaiwasha, na hapohapo pana mpangilio wa IDE na AHCI ambao sikuugusa: ukiubadilisha bila maandalizi, Windows ya zamani yaweza kukataa kuwaka.

Diski mbili za kwanza zilinakiliwa bila kukwama. Faili za video ya DVD hukatwa vipande visivyozidi takriban GB 1, hivyo hata flashi ya FAT32 huzipokea. Ya tatu ilisimama karibu na mwisho. DVD husomwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingoni palikuwa na alama nzito za vidole. Niliifuta kwa kitambaa laini, nikivuta kutoka katikati kwenda pembeni bila kuzungusha, nikaanza upya.

Mama alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri. "Mwanangu, ile sehemu ya marehemu baba yake akimkabidhi ipo?" Ilikuwa kwenye diski ya tatu, dakika za mwisho. Tuliifungua kwenye flashi mbele yake, ikacheza hadi mwisho.