Kuhamisha Mfumo Ukiwa Kazini

Debian, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hutoa toleo thabiti jipya kila baada ya miaka miwili hivi, na kila toleo hupewa jina la mhusika wa filamu za katuni za Toy Story. Toleo la 12, bookworm, lilitoka tarehe 10 Juni 2023. La 13, trixie, lilifuata tarehe 9 Agosti 2025. Kompyuta yenye bookworm haihitaji kufutwa ndipo ipate trixie. Vifurushi vya programu hubadilishwa kimoja baada ya kingine huku mashine inawaka na faili za mwenyewe zimetulia mahali pake. Amri zenyewe ni chache na yeyote aweza kuzinakili. Ufundi umo katika kuijua mashine ile ile iliyo mbele ya fundi: ni nani aliyeigusa, aligusa wapi, na kwa nini.

Ndiyo maana kazi huanza kwa kusoma. Kila toleo huja na Maelezo ya Toleo, waraka mrefu unaomtenga fundi na mbahatishaji. Humo ndimo inapoelezwa kwamba kuruka toleo hakukubaliki: anayetoka la 11 sharti apitie la 12. Humo pia imeandikwa kwamba kompyuta kongwe za biti 32, zile za i386, hazipewi tena kiini cha Linux katika trixie, hivyo zisihamishwe. Kuna mashine ambayo jibu lake sahihi ni kuachwa ilivyo, na anayelijua hilo mapema ameokoa siku nzima. Mengine ni madogo lakini yana meno. Saraka ya /tmp, kwa mfano, sasa hukaa kwenye kumbukumbu ya RAM badala ya diski, kwa hiyo programu iliyozoea kurundika faili kubwa humo yaweza kuimaliza kumbukumbu.

Kisha nakala rudufu: /etc yote, /home, hifadhidata, na orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa, vyote kwenye diski nyingine kabisa. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa ihesabiwe kuwa haipo.

Mashine hupelekwa kwanza hadi sasisho la mwisho la bookworm. Hatua hii wengi huiona ya bure, lakini ina sababu: SSH, huduma ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, ikiwa ni ya bookworm isiyosasishwa yaweza kukataa miunganisho mipya iwapo uhamisho utakatika njiani, na seva iliyo mji mwingine ikamfungia mlango msimamizi wake. Anayefanya kazi kwa mbali huendesha amri zake ndani ya tmux au screen ili mtandao ukikatika kazi iendelee. Na penye umeme usiotabirika au bando la kuhesabu, apt, programu ya kusimamia vifurushi, ina chaguo la --download-only: vifurushi vyote hushushwa kwanza, ndipo usakinishaji uanze bila kutegemea mtandao. Umeme wenyewe hauna chaguo la namna hiyo, unahitaji UPS, kifaa cha akiba ya umeme.

Katika orodha ya vyanzo vya vifurushi, neno bookworm hubadilishwa kuwa trixie. Wapo wanaoandika stable badala ya jina, wakidhani wamejirahisishia. Siku toleo jipya linapotangazwa, sasisho lao la kawaida hugeuka kuwa uhamisho ambao hawakuupanga. Vyanzo vya watu wa nje huzimwa kwa muda.

Uhamisho hufanyika kwa awamu mbili. Amri ya apt upgrade --without-new-pkgs hupandisha vile tu visivyolazimu kuongeza wala kuondoa kingine; apt full-upgrade humaliza vilivyobaki. Katika trixie awamu ya pili humtia mgeni hofu, maana orodha ya vitakavyoondolewa ni ndefu mno. Chanzo chake ni saa. Mifumo ya biti 32 ilihesabu sekunde tangu mwaka 1970 kwa namba itakayofurika tarehe 19 Januari 2038. Debian ikaamua kuipanua hesabu hiyo hadi biti 64, na maktaba nyingi zikapewa majina mapya yenye kiambishi t64, hata kwenye kompyuta za biti 64 ambazo hazikuwa na tatizo hilo. Basi libssl3 huondoka, libssl3t64 huingia. Asiyejua hukatiza kazi kwa woga. Mwingine hukubali bila kutazama, na kumbe katikati ya majina hayo imo programu anayoitegemea. Fundi huisoma orodha mstari kwa mstari.

Lakini mahali ambapo mkono wa fundi huonekana hasa ni pale mashine inaposimama na kuuliza. Faili ya mipangilio imebadilishwa na watu wawili: mtunzaji wa kifurushi aliyeandika toleo jipya, na msimamizi aliyeihariri zamani kwa haja zake. Dpkg, programu inayosakinisha vifurushi, haina mamlaka ya kuamua kati yao, hivyo huuliza: iwekwe mpya au ibaki ya zamani? Fundi akibonyeza Enter bila kuchagua, ya zamani hubaki. Kubonyeza Enter kila mara ni uvivu unaojificha kama tahadhari, kwa kuwa programu mpya huenda haielewi tena maagizo ya kale. Kuipokea mpya kila mara nako hufuta uamuzi wa mtu aliyekuwa na sababu. Herufi D huonyesha tofauti za faili mbili hizo, na hapo ndipo pa kutumia muda: kutambua mstari upi ni haja ya kweli, upi ni jaribio lililosahauliwa, kisha kuunganisha. Aliye bora zaidi huyaweka mabadiliko yake katika faili ndogo ndani ya saraka ya .d pale programu inaporuhusu, na safari ijayo haulizwi chochote.

Baada ya kuwasha upya, kiini kipya cha 6.12 hujaribiwa huku cha zamani kikibaki kwenye menyu ya kuwashia ya GRUB. Kumbukumbu za matukio ya mfumo hukaguliwa, na huduma hujaribiwa moja moja. Hifadhidata ya PostgreSQL haihamishwi yenyewe: toleo la 15 na la 17 hukaa pamoja, hadi msimamizi aifute ile tupu ya 17 iliyoundwa wakati wa usakinishaji na kuendesha pg_upgradecluster. Ya 15 haifutwi hata hapo. Hungoja hadi watumiaji wawe wameifanyia kazi ile mpya siku kadhaa, ndipo pg_dropcluster na apt autoremove zifuate.