Daktari, Soma Kichwamaji

Mama mdogo wangu, mkazi wa Elerai hapa Arusha, aliwahi kumwambia mwanafunzi wa udaktari: "Mwanangu, nawaza sana, moyo umechoka." Akapimwa presha, akapewa vidonge, akarudi nyumbani na mawazo yake yaleyale.

Ndiyo maana nimeirudia Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974). Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anatusimulia mwenyewe anavyozama, na mwisho anajiua. Sisi wasomaji tunayasikia mawazo ambayo daktari angepaswa kuyauliza. Jina lenyewe ni somo: kichwamaji ni ugonjwa, lakini mtaani ni tusi pia. Mgonjwa akilisikia, anafunga mdomo.

Kasoro ipo. Wanawake tunawaona kwa macho ya Kazimoto tu, kwa hiyo uchungu wao unatufikia nusunusu. Hata pengo hilo linafundisha: wodini nako husikilizwa zaidi anayejua kujieleza kisomi.

Orodha ya dalili itamfundisha mwanafunzi sonona ni nini. Haitamwambia kwamba "nawaza sana" huenda ndiyo sonona inabisha hodi. Riwaya hii itamzoesha kukaa, kunyamaza, na kusikiliza. Jamani, iwekwe kwenye mtaala wao.