Chokaa Haitaki Haraka

Abiria wa boti ya Zanzibar akitoka nje ya geti la bandari ya Dar es Salaam, Boma la Kale liko mbele yake, ng'ambo ya Sokoine Drive, pale Barabara ya Morogoro inapokaribia kufika baharini. Wengi hulipita tu. Madereva wa teksi wameshamzunguka, begi linavutwa huku na huku, na basi la mwendokasi kutoka Kimara linakatiza. Watu wa Magomeni na Manzese hupita hapo kila asubuhi wakienda Kivukoni, na hawajui kwamba ukuta ule mweupe ni miongoni mwa kuta za zamani kabisa zilizobaki jijini.

Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said, liwe nyumba ya wageni karibu na kasri lake. Majid alifariki mwaka 1870, mji wake ukiwa bado mchanga. Wakaja Wajerumani, wakalifanya la utawala, wakaja Waingereza, kisha likawa mikononi mwa serikali huru. Kwa hiyo mtu wa Temeke akiuliza, "Hilo linanihusu nini mimi?", hajakosea. Tangu msingi wake ulipochimbwa, lilikuwa nyumba ya mtawala. Wapo wanaoona ndani yake fedha za misafara na utumwa, wapo wanaoona kodi ya Mjerumani, na wapo wanaoona kiwanja kizuri mno kilichokaliwa na ghorofa moja tu. Hata sheria haikulisaidia sana: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa kumbukumbu ya kale jengo la kabla ya 1863. Boma lilichelewa miaka mitatu tu.

Halikuvunjwa. Na mimi ninachokistaajabia zaidi ni kazi ya mikono inayofanya jengo la namna hii liendelee kusimama.

Mtazame fundi wa chokaa anapokabidhiwa ukuta wa matumbawe. Hashiki mwiko kwanza. Anaugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, shubiri kwa shubiri, sikio likiwa karibu. Panapolia kavu, pazima. Panapotoa mwangwi, lipu imeachana na jiwe, basi anachora duara kwa mkaa na kusogea. Kazi hiyo huweza kula siku nzima, na mpita njia atadhani fundi anapoteza muda wa watu. Halafu anabandua, na mara nyingi anachobandua ni simenti ya mtu aliyetaka kusaidia. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, mwaka nenda mwaka rudi. Ukiupiga simenti, unabaki kama mtu aliyevalishwa koti la plastiki mwezi wa Februari. Chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, jiwe linalika kimya kimya, na siku moja kipande kizima kinadondoka.

Chokaa yenyewe haipatikani kwa kufungua mfuko. Matumbawe huchomwa, hunyweshwa maji yakachemka, kisha huachwa shimoni wiki nyingi hadi yalainike. Fundi anaulowesha ukuta, anairusha chokaa kwa nguvu ili iingie kwenye matundu, anashindilia vijiwe vidogo palipo na pengo. Tabaka ni jembamba. Analifunika kwa magunia yenye maji lisikaushwe na jua, anasubiri siku kadhaa, ndipo anapiga la pili. Bosi mwenye haraka hapa hana la kufanya zaidi ya kununua chai.

Juu kuna boriti za mikoko, miti ambayo pwani yote iliipata kwa wingi kutoka delta ya Rufiji. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita tatu hivi, basi. Anayetaka kubadili matumizi ya nyumba kama hii hana budi kuitafutia kazi inayoenea ndani ya chumba chembamba. Ukumbi wa harusi hauenei. Duka kubwa la vyakula halienei. Maonyesho yanaenea, na ndiyo yaliyowekwa: Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania, Halmashauri ya Jiji, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na Goethe-Institut walishirikiana kulifanya boma kuwa kituo cha urithi wa usanifu, DARCH, kinachoeleza jinsi jiji lilivyokua. Safari hii Mjerumani alikuja kama mbia wa ukarabati. Kusini, Boma la Mikindani, ngome ya Mjerumani ya mwaka 1895, limegeuzwa hoteli kupitia shirika la hisani la Uingereza, na vijana wa pale wakafundishwa kazi za hoteli.

Kwangu, njia ya DARCH ndiyo bora, kwa sababu nyumba yenye ugomvi ikipewa kazi ya kusimulia, aliyeumia naye anapata mlango wa kuingilia. Lakini mlango huo lazima ufunguliwe kwa kwenda kumwita. Kinondoni wanajua hasara ya kutoulizwa: Drive-In ya Msasani, ambako familia zilitazama sinema ndani ya magari, imebaki kuwa jina la mahali, na kiwanjani pake kuna ubalozi wa Marekani. Nyumba za Kiswahili za Temeke na Magomeni, zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani nyuma, zinashuka moja moja kupisha fremu za biashara na ghorofa. Wazee waliozijenga wapo. Waalikwe bomani waeleze walivyokandika kuta zao, wapingane na maelezo ya ukutani wakitaka, na maneno yao yaandikwe.

Nawe uliyerithi nyumba ya mawe Bagamoyo, Kilwa au Pangani, ukiona lipu inabanduka, usikimbilie duka la simenti. Mtafute kwanza fundi wa chokaa, na umpe kijana wa kumfuata.